Yeye anasema "aliua", mimi nasema "liliua"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi wa mashine za boti hapa Mwanza, upande wa Kirumba. Si msomaji wa vitabu, na ningejua haya yangenikuta nisingeanza. Nina mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Buzuruga. Barua ya posa ilipelekwa mwezi wa tano. Mahari tumeelewana na wazee wa kwao, ng'ombe wawili tumeshapeleka, waliobaki tukawageuza kuwa hela. Harusi ni Desemba. Kamati imekaa vikao vitatu na kadi za michango zimeshatoka. Sasa huu ni mwezi wa pili mwenzangu hataki kabisa tuongelee harusi, na sababu ni kitabu, Shangazi. Kitabu cha mwaka 1818.

Kinaitwa Frankenstein. Alikinunua kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini, shilingi elfu tatu, jalada lina picha ya jitu lenye kichwa bapa na nati mbili shingoni. Alikisoma siku nne, halafu akanipa. Akasema, "Soma na wewe, nataka nijue utasema nini." Nikaona ni mambo ya uchumba hayo, nikasoma. Kiingereza chake kigumu, sentensi moja inaweza kukutoa Kirumba ikakufikisha Igoma hujakutana na nukta, lakini nilikazana. Nilikuwa nasoma usiku kibandani nikisubiri wavuvi wa dagaa, maana mashine zao zinachagua kuharibika saa ambayo kila mtu amelala.

Kwa kifupi, kuna kijana anaitwa Victor Frankenstein, yuko chuoni. Anakusanya viungo vya maiti, anaviunga, anafanya sayansi yake humo chumbani karibu miaka miwili. Siku ya siku dude linafumbua macho. Anaogopa, anakimbia. Dude nalo linaondoka, linatangatanga porini, kila mtu analifukuza, linajifunza kuongea na kusoma, mwisho linaanza kuua. Lilimuua mdogo wake Victor, mtoto kabisa. Likamsingizia mfanyakazi wa ndani, akanyongwa. Likamuua rafiki yake. Likamuua mke wake usiku wa harusi. Usiku wa harusi, Shangazi!

Nilipomaliza (kurasa za mwisho za kule kwenye barafu niliziruka, nilishajua linakoelekea) tukakutana jioni karibu na Jiwe la Bismarck, tukanunua mahindi ya kuchoma. Akaniuliza, "Umemwonea nani huruma?" Nikajibu bila kufikiri, Victor. Nikamwambia, yule ni fundi, kazi imemkataa. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga mashine, Yamaha ya kumi na tano, kila kitu mahali pake, plagi mpya, nikavuta kamba, ikatoa moshi na mlio mpaka nikarudi nyuma hatua tatu. Unaiacha, unaenda kulala, unarudi kesho na akili nyingine. Victor alishtuka, kuna ubaya gani? Tena lililoua ni dude, si yeye. Liliua mtoto.

Akanikatiza, "Aliua."

Nikadhani hajanisikia. Nikarudia, liliua mtoto. Akasema, "Sema aliua. Anaongea, anasoma, analia. Unamwitaje 'li'?" Nikacheka. Nikamwambia mwalimu, hapa siko darasani, na hata methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, haisemi zimwi akujuaye. Hakucheka. Akasema, "Umesoma kitabu kizima, ukamwonea huruma aliyekimbia." Akachukua mkoba wake, akapanda daladala. Hindi lake akaniachia.

Tangu siku hiyo kila tukiongea anarudi hukohuko. Mimi na huyo Victor tunahusiana nini? Mimi si mtu wa kukimbia majukumu, na yeye analijua hilo. Hata yule mtoto wangu wa Ukerewe, ana miaka sita au saba, huwa namtumia hela nikipata. Wala sikumficha mchumba wangu, aliuona mwenyewe ujumbe wa kutuma hela kwenye simu, nikamweleza yote. Mama wa mtoto tuliachana kabla mtoto hajazaliwa, hatuna ugomvi. Kwa hiyo la kukimbia halinihusu.

Rafiki zangu wanasema ana mtu mwingine, kitabu ni kisingizio. Mama anasema mwanamke aliyesoma sana ndivyo alivyo. Mimi siamini yote mawili. Ni mtu mpole, kalelewa na bibi yake kule Sengerema, baba yake nasikia yupo hai Geita lakini sijawahi kumsikia akimtaja. Si mtu wa kelele. Ndiyo maana nashangaa.

Swali langu ni hili: ni haki uchumba uvunjike kwa ajili ya hadithi ya kubuni? Na kati yetu wawili nani amekisoma kitabu sawasawa? Nimemwambia nitakuandikia wewe kwa kuwa uliwahi kuwa mwalimu, naye amekubali uwe mwamuzi. Kamati inakaa Jumapili.

Fundi, Kirumba

*

Marahaba, fundi.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, mazoea ya kazi ya zamani hayo. Umeomba uamuzi kuhusu kitabu na nitautoa, kwa kuwa nakipenda kitabu hicho na sipati watu wengi wa kukizungumza nao. Baadaye na mimi nina la kukuuliza.

Tuanze na jalada lako, limekudanganya. Lile jitu la nati shingoni linatokana na filamu ya Marekani ya mwaka 1931. Kitabuni hakuna nati. Kuna mtu wa futi nane, mwenye ngozi ya manjano iliyombana, nywele nyeusi ndefu na meno meupe. Na jina Frankenstein si lake, ni la fundi wake. Yeye hana jina mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1823 hadithi ilipoigizwa jukwaani London, kwenye orodha ya wahusika, pale lilipopaswa kukaa jina lake, walichora mistari mitupu. Mwandishi alikwenda kutazama mchezo huo na mistari hiyo ilimpendeza. Weka hilo la jina akilini.

Mwandishi ni mwanamke, Mary Shelley. Alianza kuiandika Juni 1816 akiwa na miaka 18, kando ya ziwa, Ziwa Geneva kule Uswisi. Mwaka ule kiangazi hakikufika Ulaya. Volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka Aprili 1815 na vumbi lake likafunika jua mpaka mwaka uliofuata, mvua na baridi bila mpangilio. Basi Mary na wenzake wamefungiwa ndani, ziwa linanguruma nje, na mshairi Byron akawapa wageni wake mtihani: kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Wewe umeshawahi kulala kibandani radi inapasuka juu ya ziwa, huhitaji nikueleze hadithi za usiku wa namna hiyo zinavyokuja.

Lakini wengine wote waliokuwamo ndani ya nyumba ile waliisikia radi hiyohiyo na hawakuandika kitabu hiki. Mama yake Mary alifariki siku chache baada ya kumzaa, mwaka 1797. Mary mwenyewe mwanzoni mwa 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia, akaishi chini ya wiki mbili. Baadaye aliandika kwenye shajara yake kwamba ameota mtoto yule alikuwa amepoa tu, wakamsugua karibu na moto, akarudi kuwa hai. Kisha akaamka na mtoto hayupo. Huyo ndiye aliyekaa kuandika habari za mwanamume anayetengeneza mtu bila mama, halafu anamkimbia. Kitabu kilipotoka Januari 1818 hakikuwa na jina lake, na wengi walidhani aliyeandika ni mumewe.

Sasa hoja yako. Si ya kijinga, na mchumba wako amekosea kuondoka bila kuijibu. Yule kiumbe aliua, tena mtoto William hakumkosea kitu. Alimwekea Justine, yule mfanyakazi wa ndani, ushahidi wa uongo mfukoni akiwa usingizini, akijua fika kitakachompata. Anayesema kiumbe ni malaika aliyeonewa hajasoma kitabu, ameonja. Mary Shelley hakutupa mtu mwema wa kumkumbatia tukajisikia vizuri.

Ila mfano wako wa Yamaha ndipo ulipopinda. Umesema Victor alishtuka akaenda kulala, na kweli, alikwenda kulala! Rudi kwenye sura ile, usiku wa Novemba, mvua inagonga dirisha. Anakimbilia chumbani kwake, anajitupa kitandani na nguo zake. Anaota ndoto mbaya, anashtuka, na kwa mwanga wa mwezi anamwona yule aliyemtengeneza amesimama kando ya kitanda chake, ameinua pazia la kitanda. Anamtazama. Midomo inacheza, inatoa sauti zisizo maneno. Mashavu yanajikunja kwa kitu kama tabasamu. Na mkono mmoja ameunyoosha.

Umewahi kukaa na mtoto wa miezi mitano? Anakutazama, anatoa sauti zisizo maneno, anatabasamu, ananyoosha mkono. Hakuna kingine anachoweza kufanya. Victor anasimulia mwenyewe kwamba aliuona mkono ule kama unataka kumkamata, akatoka mbio akashuka ngazi na kukesha uani. Tunayo habari ya mkono ule kutoka kwa mtu aliyeukimbia tu. Mashine ikikukataa, fundi, hainyooshi mkono, wala haikufuati mpaka kitandani kwa kuwa wewe ndiye mtu pekee inayemjua duniani. Na kesho yake, Victor alipokuta chumba kitupu, unakumbuka alifanya nini? Alipiga makofi kwa furaha. Wewe ukiacha mashine usiku na kuikuta asubuhi imeondoka, utapiga makofi?

Kuhusu "li" na "a", sarufi iko upande wako, nakiri kama mwalimu. Jitu, zimwi, dude, yote huchukua "li", na methali yako umeinukuu sawasawa. Lakini umeitumia nusu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: ndiyo, na Victor hakuliwa. Waliliwa waliomzunguka, mmoja mmoja, yeye akiwa anatazama. Halafu angalia ujanja wa mwandishi. Katikati ya kitabu anamnyamazisha Victor na kumpa kiumbe sura sita nzima azungumze kwa kinywa chake. Anasimulia alivyojificha kwenye kibanda kilichoungana na nyumba ya familia maskini, akiwachungulia kwenye ufa wa ubao. Usiku anawachanjia kuni, wao wanaamka na kushangaa nani kawasaidia. Maneno ya kwanza aliyojifunza kwa kuwasikiliza ni moto, maziwa, mkate na kuni. Kisha majina. Vijana wa nyumba ile walikuwa na majina zaidi ya moja kila mmoja, lakini mzee, asema, alikuwa na jina moja tu: baba.

Ukishafika hapo, sarufi inabaki kuwa sahihi na ulimi unakataa. Ulimi wa mchumba wako ulikataa, wako haukukataa.

Mzee yule alikuwa kipofu, na ndiye mtu pekee aliyempokea kwa maneno ya utu, maana hakuona sura yake. Kisha vijana wakaingia, wakaona, wakampiga. Na kuna mahali alimwokoa msichana aliyekuwa anazama mtoni, malipo yakawa risasi. Watu husahau kipande hicho, sijui kwa nini. Huku kwetu ambako kila mwalo wa wavuvi una kumbukumbu zake za waliozama, mimi sikisahau.

Basi uamuzi wangu. Victor kukimbia usiku ule namsamehe, ningekimbia hata mimi, na miguu yangu hii. Makofi namsamehe nusu. Nisichoweza kumsamehe ni Justine. Justine anasimama mbele ya mahakimu kwa kosa ambalo Victor ana hakika hakulifanya. Anajua aliyeua ni nani. Ananyamaza, kwa kuwa akisema watamwona mwendawazimu. Anahuzunika sana, kurasa kwa kurasa, na Justine ananyongwa. Huzuni yake haikumsaidia Justine chochote. Kwa hiyo kati yenu wawili, mchumba wako amekisoma vizuri zaidi, ingawa naye amemlaumu Victor kwa kosa dogo na kuacha kubwa. Mpelekee salamu hizo.

Huo ndio uamuzi wa kitabu. Sasa swali langu.

Sita, au saba?

Nimelizungushia wino mwekundu. Mashine iliyokutoa moshi unaikumbuka ni Yamaha ya kumi na tano, na plagi ilikuwa mpya. Bei ya kitabu unaijua. Vikao vya kamati umevihesabu. Mtoto wako ana miaka sita au saba. Nimetafuta jina lake katika barua yako, sikuliona. Nimetafuta kama ni wa kike au wa kiume, sikuliona pia, na Kiswahili chetu kilivyo na "yeye" mmoja kwa wote, kimekusaidia kulificha bila hata kujua unaficha. Ungekuwa unaandika Kiingereza cha kitabu kile ungelazimika kuniambia.

Nimepigia mstari na maneno mengine. "Tuliachana" ni kitenzi chenye adabu sana, kinagawa tendo kwa watu wawili sawasawa, hakisemi nani alibeba begi na nani alibaki na tumbo. "Nikipata" ni neno ambalo mtoto hawezi kulipia madaftari. Na "sikumficha, aliuona mwenyewe ujumbe kwenye simu". Soma tena, fundi. Aliuona mwenyewe.

Sijui moyoni mwa mchumba wako kuna nini. Hajaniandikia yeye, na sitamsemea. Ila umeniambia kalelewa na bibi Sengerema na ana baba Geita asiyetajwa, umeniambia pia una mtoto Ukerewe, na habari hizi mbili umezipanga kama abiria wawili wa daladala wasiojuana. Mwanamke huyu aliona ujumbe kwenye simu yako. Hakupiga kelele, umesema si mtu wa kelele. Alikwenda akanunua kitabu cha elfu tatu, au alikuwa nacho mkononi tayari na akaona kinamfaa, akakupa, akakuuliza umemwonea nani huruma. Alikuwa anakuuliza swali ambalo hakuweza kuliuliza kwa mdomo wake. Ukamjibu bila kufikiri.

Habari za mtu mwingine waachie rafiki zako, na za wanawake waliosoma muachie mama. Mimi pia nimesoma na nimeolewa miaka thelathini na moja.

Utaniuliza ufanye nini. Sitaki uende Ukerewe ili mchumba arudi. Ukienda kwa sababu hiyo mtoto atakuwa sehemu ya mahari, na watoto wana pua kali kwa mambo hayo. Kama hiyo ndiyo sababu, kaa Kirumba utengeneze mashine. Lakini kama ulipokuwa unaandika "sita au saba" kuna kitu kilikukwama kooni, hata kidogo, basi mpigie simu mama wa mtoto. Simu, si kutokea mlangoni. Muulize kama anaruhusu. Huenda ameolewa, na mume wake ndiye anayeitwa baba nyumbani humo. Ikiwa ni hivyo pitia kwa wazee wake, nenda na mjomba wako au mtu mzima mwingine mwenye busara, mkae, mseme kilichokuleta bila kuzunguka. Akikataa kwa sasa, ukubali, na hela zianze kwenda kila mwezi, kiasi kilekile, tarehe ileile, uwe umepata au hujapata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haina neno "nikipata". Inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake, na inakutaka wewe umtunze. Mkitaka makubaliano yaandikwe, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inafanya kazi hiyo, wala si kushtakiana.

Akikubali, nenda siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwaka, kwa hiyo huna kisingizio cha kazi. Panda meli ya Nansio. Usibebe baiskeli wala simu ya kitoto, madaftari na sare vinatosha. Usipige picha ya kumtumia mtu. Muulize mwalimu wake ni nani, rafiki yake ni nani, anapenda samaki gani. Usimwambie akuite baba. Jina hilo alishalisikia kwa watu wengine, anajua lina uzito gani.

Na nikuonye kitu kimoja, kwa kuwa kitabu kimekukaa kichwani. Usiende ukidhani unakwenda kukutana na yule kiumbe, kwamba kuna hasira ya miaka sita (au saba) inakusubiri Ukerewe na kisu. Huyo ni mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Hakuua mtu. Kama kuna wa kutisha siku hiyo ni wewe, mwanaume mgeni, mrefu kuliko mlango, unanuka petroli, umesimama uani unatoa sauti zisizoeleweka. Anaweza kukuangalia akakimbilia nyuma ya bibi yake. Safari hii mkono ulionyooshwa utakuwa wako. Akikimbia, kaa chini, subiri, kunywa chai uliyopewa, rudi mwezi ujao.

Kamati iambie Jumapili kwamba Desemba imesogezwa, bila kutaja kitabu, watakucheka mpaka uzeeni. Michango iliyokwisha kutolewa iandikwe vizuri na itunzwe. Mchumba wako muonyeshe barua hii kama ilivyo, yako na yangu, kisha umwache asome peke yake. Huenda akarudi, huenda asirudi. Ana haki ya yote mawili, na kuhusu ng'ombe wale wawili, wazee watajua la kufanya nao.

Na malizia zile kurasa za barafu, ni deni. Victor anafia melini huko kaskazini. Kiumbe anaingia chumbani, anasimama juu ya maiti, na wewe uliyedhani unajua linakoelekea ungetarajia ashangilie. Analia. Amelia kuliko mtu yeyote katika kitabu kile.

Ukiniandikia tena, anza na jina la mtoto. Sitalichapisha.

Shangazi